Kuvua besi bila mashua: ziwa gani, rili gani, chambo gani kwa anayeanza

Wengi wetu tuliofika Marekani kutoka Uvira, Kigoma, Bukavu au pwani hatukuja wageni wa samaki. Tunajua uvuvi wa taa usiku kwenye Ziwa Tanganyika, tunajua dagaa na mgebuka, na wengine wamekulia kwenye mitumbwi. Lakini besi mdomo mpana, yule samaki wa kijani mwenye mstari mweusi ubavuni ambaye Wamarekani wanampenda kupita wote, anataka maarifa mengine. Akishakua haendi kwa makundi makubwa na hafuati taa. Hujibanza kwenye majani, chini ya mti ulioanguka au kwenye kivuli cha gati, akingoja kitu kipite karibu na mdomo wake. Tena sheria ya Kentucky, ninakoishi, haikuruhusu kumvua kwa wavu, kwa hiyo inabaki fimbo, uzi na ndoano.

Mtu akiingia dukani kwa mara ya kwanza anakuta ukuta mzima wa fimbo na maelfu ya chambo za rangi, na muuzaji naye ana haraka. Ndiyo maana nimeamua kuziweka bidhaa hizo pamoja, moja kando ya nyingine, kwa ajili ya mtu mwenye fimbo moja na asiye na mashua. Jibu langu nalitoa mapema: ziwa dogo la mjini, rili wazi (rili ni kile kifaa cha kukunjia uzi kwenye fimbo), mnyoo wa mpira. Hapa chini naeleza kwa nini, na ni wakati gani jibu hilo hubadilika.

Ziwa dogo la mjini au bwawa kubwa?

Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Kentucky ina mpango uitwao FINs, wa kupandikiza samaki kwenye maziwa madogo yaliyo ndani au karibu na miji. Louisville kuna Tom Wallace na Waverly, na Lexington kuna ziwa la Jacobson Park lenye ekari 46. Kwa upande mwingine kuna mabwawa makubwa ya serikali kuu, kwa mfano Taylorsville Lake, ekari zaidi ya 3,000, umbali wa chini ya saa moja kwa gari kutoka Louisville.

Taylorsville kuna besi wengi na wakubwa, hilo halina ubishi. Lakini aliye nchi kavu anafikia ukanda mwembamba tu wa maji. Sehemu nyingi ukingo ni mteremko mkali wenye vichaka, na kina hupanda na kushuka, kwa hiyo mti uliokuwa na samaki wiki iliyopita unaweza kuwa umebaki juu kwenye matope. Samaki wakihamia katikati, huna la kufanya ila kuwatazama wenye mashua.

Ziwa dogo unalizunguka lote kwa miguu asubuhi moja. Samaki hana pa kujificha palipo mbali sana na fimbo yako. Na hilo ndilo jambo kubwa kwa anayeanza: ukikosa samaki mahali hapa, unatembea hatua hamsini na kujaribu pengine, na baada ya muda unaanza kulijua ziwa hilo kama unavyoijua mitaa ya kwenu. Wala usidharau maji madogo kwa ukubwa wa samaki. Rekodi ya dunia ya besi mdomo mpana, ratili 22 na wakia 4, iliwekwa mwaka 1932 na George Perry katika Montgomery Lake huko Georgia, ziwa dogo lililojitenga na mto Ocmulgee. Ilipita miaka 77 kabla ya Manabu Kurita kuifikia, mwaka 2009, katika ziwa Biwa nchini Japani.

Ubaya wa maziwa ya mjini ni kwamba yanavuliwa sana. Samaki wameshaona kila aina ya chambo, na Jumamosi mchana watu wamejaa. Sheria nayo ni kali zaidi: kwenye maziwa ya FINs unaruhusiwa kuondoka na besi mmoja tu kwa siku, mwenye inchi 15 au zaidi, wakati kanuni ya jumla ya jimbo ni sita wa inchi 12. Kila ziwa lina kibao chenye masharti yake. Kisome kabla ya kufungua mfuko, maana masharti huweza kubadilika mwaka hadi mwaka.

Kuna jambo moja ambalo karibu kila anayeanza hulikosea, nalo ni kurusha chambo mbali iwezekanavyo, katikati ya ziwa. Besi wengi wa ziwa dogo wako mita mbili au tatu kutoka ukingoni, hasa asubuhi. Kwa hiyo simama nyuma kidogo, usikanyage hadi kwenye maji, kisha rusha chambo kikienda sambamba na ukingo, kwanza kushoto halafu kulia. Mwenye mashua hufanya kazi kubwa kulipata pembe hilo. Wewe umepewa bure. Baada ya hapo tafuta kitu chochote kinachotofautisha mahali na mahali: bomba linaloingiza maji ya mvua, pembe ya gati, mawe ya ukuta wa bwawa, mwisho wa majani, tawi lililolala ndani ya maji.

Rili tatu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Dukani kuna aina tatu. Ya kwanza ina kifuniko mbele na kitufe cha kubonyeza kwa kidole gumba. Boksi lake limeandikwa spincast. Ya pili huning'inia chini ya fimbo, uzi wake unauona, na ina waya unaofunguka na kujifunga. Hiyo ni spinning. Ya tatu hukaa juu ya fimbo, na bobini yake, yaani kigurudumu kinachozungushiwa uzi, inazunguka yenyewe wakati wa kurusha. Hiyo ni baitcaster. Nitaziita rili ya kitufe, rili wazi na rili ya juu.

| | Rili ya kitufe | Rili wazi | Rili ya juu |
|---|---|---|---|
| Kujifunza kurusha | dakika chache | mchana mmoja | wiki kadhaa |
| Chambo chepesi | inakubali, haiendi mbali | nzuri kuliko zote | inasumbua |
| Majani mazito, chambo kizito | dhaifu | inajitahidi | nzuri kuliko zote |
| Breki samaki anapovuta | ya kukwaruza | laini | laini na yenye nguvu |
| Bei ya seti na fimbo, kwa makadirio | chini ya dola 30 | dola 40 hadi 70 | dola 80 kwenda juu |

Rili ya kitufe ina heshima yake. Zebco 33, iliyotoka mwaka 1954 mjini Tulsa, imewafundisha Wamarekani wengi kuvua, na bado inauzwa. Kampuni yenyewe ilianza kama watengenezaji wa mabomu ya visima vya mafuta, na jina Zebco limetokana na Zero Hour Bomb Company. Kwa mtoto wa miaka sita au saba sioni kitu bora: anabonyeza, anarusha, anaachia, na uzi haujifungi ovyo. Kwa mtu mzima anayetaka besi, kasoro zake huonekana mapema. Uzi uko ndani ya kifuniko, kwa hiyo ukianza kujisokota hujui hadi umekwama. Breki huvuta kwa kushtuka, na besi mkubwa akikimbilia mti, mshtuko mmoja unatosha kukata uzi.

Rili ya juu ndiyo unayoiona mikononi mwa wavuvi wa mashindano, na vijana huinunua kwa sababu hiyo. Shida yake ni kwamba bobini huzunguka kwa kasi kuliko chambo kinavyoondoka. Gumba lako lazima likanyage uzi kwa wakati wake. Likichelewa, uzi unarudi na kujikunja juu ya bobini hadi unabaki na fundo kubwa la kufungua kwa kucha huku wenzako wanavua. Chambo kikiwa chepesi, au upepo ukija usoni, mambo huwa mabaya zaidi. Ni rili nzuri sana, lakini iwe fimbo ya pili.

Rili wazi inabaki katikati, na kwa chambo nitakachokipendekeza ndiyo inayofaa. Chukua ukubwa wa 2500. Unaukamata uzi kwa ncha ya kidole cha shahada, unafungua waya, unarusha, unaachia uzi fimbo ikielekea mbele. Sasa zingatia hili: chambo kikigusa maji, funga waya kwa mkono wako wa kushoto, usiuache ujifunge kwa kuzungusha mpini. Kisha uvute uzi kidogo kwa vidole hadi ukaze juu ya bobini, ndipo uanze kukunja. Ukizoea hatua hizo mbili, mafundo ambayo watu huyalaumu kwenye rili hii hupungua sana. Na unapoijaza uzi, acha nafasi ya kama milimita tatu kutoka kwenye mdomo wa bobini. Ikijaa hadi ukingo, uzi humwagika wenyewe.

Kuhusu fimbo sitasema mengi. Futi sita na nusu hadi saba, nguvu ya wastani, ncha nyepesi. Ikiwa unasafiri kwa basi, nunua ya vipande viwili. Za siku hizi ni imara, na mlangoni hutamgonga mtu. Zile zinazojikunja kama antena ya redio, ziache, kwani viungo vyake hulegea haraka. Uzi wa nailoni wenye nguvu ya ratili 8 unatosha kwa mwanzo. Uzi wa kusukwa ni mwembamba na wenye nguvu, nao utauhitaji siku utakapoanza kuvua ndani ya majani mazito.

Nyungunyungu, mnyoo wa mpira, au kitu kinachong'aa

Tuanze na nyungunyungu, maana ndiyo tunayoijua tangu utotoni. Unaichimba au unainunua kwa dola chache, unaitundika kwenye ndoano chini ya boya, unasubiri. Itakuletea samaki, tena upesi: samaki wadogo waitwao blugili, kambare, mara moja moja besi. Kama unaenda na watoto, na lengo ni wasichoke, usibishane na nyungunyungu. Lakini kwa besi ina tatizo ambalo sipendi watu walichukulie kirahisi. Samaki huimeza yote, ndoano ikashika kooni au tumboni. Na kwa kuwa besi wengi utakaowapata watakuwa chini ya inchi 15, sheria inakutaka uwarudishe majini. Kumrudisha samaki aliyepasuka koo ni kumtupa. Ukivua kwa nyungunyungu, tumia ndoano ya duara inayoshika pembeni mwa mdomo, na samaki akiwa amemeza, kata uzi karibu na mdomo badala ya kuvuta.

Mnyoo wa mpira hauna harufu ya kweli wala uhai, na bado besi huupenda kuliko kitu kingine chochote kilichowahi kutiwa dukani. Nick Creme wa Akron, Ohio, ndiye aliyeutengeneza na kuutoa mwaka 1949, na tangu hapo umekuwa chambo cha kila mvuvi wa besi, awe mgeni au bingwa. Sababu iko katika jinsi unavyozama. Unashuka polepole, unatikisika, kama kitu kilichochoka kisichoweza kukimbia. Besi akiukamata kwa kawaida ndoano hushika midomoni, kwa sababu unamvuta mara tu unapohisi.

Kuna njia mbili za kuufunga, na zinatofautiana vya kutosha kuzilinganisha.

Ya kwanza ni ya Texas. Unapitisha kwanza chubwi kidogo chenye umbo la risasi kwenye uzi, cha gramu tatu au tano, ndipo unafunga ndoano pana yenye kona shingoni, namba 3/0 kwa mnyoo wa inchi saba. Ncha ya ndoano inaingia katikati ya kichwa cha mnyoo, inatoka pembeni baada ya nusu sentimita hivi. Vuta ndoano hadi jicho lake lizame kichwani, igeuze, laza mwili wa mnyoo kando yake uone ncha itaingilia wapi, kisha ichome hapo hadi iguse ngozi ya upande wa pili. Mnyoo ukining'inia uwe umenyooka kabisa. Ukipinda hata kidogo utazunguka ndani ya maji, utausokota uzi na samaki hataukubali. Faida yake: ncha imefichwa, kwa hiyo unapita juu ya matawi na majani bila kunasa. Kwa ukingo wenye miti, hakuna cha kuushinda.

Ya pili ni rahisi mno: unachukua mnyoo mnene wa inchi tano, unachoma ndoano katikati yake mara moja tu, bila chubwi, ncha zote mbili zikining'inia. Unaporusha, mnyoo hushuka ukitetemeka pande zote mbili. Karibu na gati au kwenye maji safi ya wazi, njia hii hupata samaki ambao wamekataa kila kitu. Lakini ncha iko nje, hunasa majani, na mnyoo hukatika katikati baada ya samaki wawili au watatu. Weka kipete kidogo cha mpira katikati ya mnyoo na upitishe ndoano chini yake. Pakiti moja itadumu zaidi.

Njia zote mbili zina namna moja ya kuvua: rusha, acha kishuke hadi chini, inua ncha ya fimbo taratibu, kishushe tena. Macho yako yawe kwenye uzi, pale unapoingia majini. Besi wengi hula chambo kikiwa kinashuka, na mara nyingi hutahisi kitu mkononi. Utaona uzi umesimama kabla chambo hakijafika chini, au unaanza kwenda kando wenyewe bila upepo. Hapo kunja ulegevu, kisha vuta fimbo kwa nguvu. Rangi mbili zinatosha: kijani chenye madoa kwa maji maangavu, nyeusi yenye buluu kwa maji ya matope.

Baada ya hapo kuna vitu vya chuma vyenye vibapa vinavyozunguka na kung'aa. Hivi unavirusha na kuvikunja tu, bila kusubiri. Huishinda minyoo siku yenye upepo au maji yaliyochafuka baada ya mvua, kwa sababu samaki huvisikia kabla ya kuviona, na unaweza kupima ukingo mrefu kwa muda mfupi. Siku tulivu yenye jua kali, vinawatisha samaki wa mjini. Nunua kimoja. Chura wa mpira wa kupita juu ya majani ya kijani ni raha ya peke yake mwezi Julai na Agosti, lakini anahitaji uzi mnene wa kusukwa na, kwa kweli, ile rili ya juu.

Aprili au Agosti

Ukiweza kuchagua, anza majira ya kuchipua. Maji yakifika kama nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi, ambayo Kentucky huwa Aprili na Mei, besi husogea kwenye maji mafupi kutaga. Dume huchimba kiota na kukilinda kwa ukali, wakati mwingine mita moja tu kutoka ukingoni, na unaweza kumwona kwa macho. Hakuna wakati mwingine ambapo mtu asiye na mashua yuko karibu hivyo na samaki wakubwa. Lakini dume huyo akiondolewa kiotani, blugili huvamia mayai mara moja. Mvue ukitaka, ila mrudishe palepale bila kuchelewa kwa picha nyingi.

Kiangazi samaki wapo, lakini saa zimebanwa. Alfajiri hadi jua lianze kuuma, halafu tena kuanzia jioni. Mchana kati wa Agosti ni afadhali ukalale.

Kitoweo au kurudisha

Swali hili tunaulizana sana sisi kwa sisi, kwa sababu kwetu samaki ni chakula. Besi analiwa, na Wakenya wa Naivasha wanamjua sahanini, maana alipandikizwa kule kutoka Marekani tangu miaka ya 1920. Lakini ukilinganisha na kambare katika maziwa haya ya mjini, kambare anashinda kwa kila hesabu ya jikoni. Kwenye FINs idara huleta kambare mara kadhaa kwa mwaka, wakiwa na ukubwa wa kuliwa, kusudi watu wawachukue, na unaruhusiwa wanne kwa siku. Besi huzaana wenyewe taratibu, na mmoja mkubwa ana miaka mingi. Isitoshe, besi ni samaki anayekula samaki, kwa hiyo hukusanya zebaki mwilini zaidi. Jimbo hutoa mwongozo wa kiasi cha kula, hasa kwa wajawazito na watoto wadogo. Ukitaka kitoweo, weka nyungunyungu chini ya maji usiku umsubiri kambare.

Leseni ni lazima kuanzia miaka 16. Leseni ya mwaka ya Kentucky huanza Machi 1 na kwisha mwisho wa Februari, kwa hiyo anayeinunua Januari analipa mwaka mzima apate wiki chache. Katika miezi hiyo ya mwisho ni bora kununua ya siku moja. Jumamosi na Jumapili ya kwanza ya Juni kila mtu huvua bila leseni, ila masharti mengine yote yanabaki palepale. Anayetaka kujaribu fimbo ya rafiki kabla ya kununua yake, hiyo ndiyo wikiendi ya kuitumia.

Na siku utakapompata samaki, kumbuka tofauti ya mwisho kati ya besi na kambare. Besi hana meno makali: loweka mkono, mshike mdomo wa chini kwa gumba na kidole cha shahada, aning'inie wima, akiwa mzito weka mkono wa pili chini ya tumbo. Kambare usimshike hivyo bila kuangalia. Ana mwiba mkali mgongoni na mmoja kila upande nyuma ya kichwa, kwa hiyo kiganja kipite nyuma ya miiba hiyo, vidole vikiibana kutoka nyuma, au tumia koleo na kitambaa.